Pampu Iliyovuliwa kwa Ajili ya Picha

"Ivue kidogo tu, Mama Vipimo. Picha moja, kisha unaivaa."

"Picha ya nani?"

"Ya mama. Anataka kumwona mkwe wake mlimani."

Mpima ardhi alimtazama mchumba wake, kisha akaitazama pampu ya insulini iliyobanwa kiunoni, na mrija mwembamba ulioingia chini ya fulana. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao. Walikuwa likizoni na kikundi cha watembeaji. Kila asubuhi mabegi makubwa yalitangulia kambini kwa gari. Watu walifuata kwa miguu na vibegi vya mgongoni.

"Kwani mama akiiona ataumwa jicho?"

"Acha utani. Inaharibu picha."

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti. Kazini hakuruhusu mtu yeyote kugusa breki ya dharura. Mpima ardhi akaichomoa pampu, akampa.

"Usiiweke mbali."

"Mimi na wewe, nani fundi hapa?"

Picha ikapigwa, ikatumwa kabla hawajaacha eneo lenye mtandao. Kiongozi wa msafara akapiga filimbi, mabegi makubwa yakapakiwa garini, na wote wakaanza kuteremka.

Bondeni, mpima ardhi alinyoosha mkono.

"Nipe pampu yangu."

"Iko kwenye begi."

"Begi lipi?"

"Lile kubwa. Niliona huko itakuwa salama zaidi."

Begi kubwa lilikuwa garini, na gari lilikuwa linazunguka upande wa pili wa mlima.

"Haya, nipe kalamu ya akiba ya insulini. Niliitia kwenye kibegi chako."

"Niliitoa. Nilitaka nafasi ya maji. Nikasema, si ana pampu?"

Hakumfokea.

"Nisikilize vizuri, maana kiongozi utamweleza wewe. Insulini ya pampu huingia tone kwa tone. Ikikatika, mwilini hakuna akiba. Saa moja si neno. Mchana kutwa ni sumu kwenye damu."

"Turudi juu?"

"Juu kuna nini? Gari limeshaondoka."

Kiongozi alipoelezwa alivua kofia.

"Dada, unaweza kutembea?"

"Polepole. Nikijilazimisha nitazidiwa."

"Na wewe, kaka, ulijua ana sukari?"

"Nilijua."

"Basi heri usingejua."

Akamtuma mtembeaji mwenye mbio kuliko wote atangulie barabarani kulitafuta gari. Waliobaki walikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Kwanza ilikuwa kiu, akamaliza chupa yake na ya fundi. Kisha akatapika. Mwishowe fundi alimbeba mgongoni, akimwomba aseme chochote.

"Sema hata matusi, mpenzi."

"Sina nguvu za kukutukana. Nitakutukana kesho."

Gari liliwapokea barabarani, likawafikisha kituo cha afya. Tabibu alipima damu, akatundika dripu, akaanza kumpa insulini.

"Mmewahi," alisema. "Mngechelewa zaidi, tungeongea mengine."

Jioni, mgonjwa alipokuwa ameanza kupata nafuu, simu ya fundi ilinasa mtandao, ikalia.

"Nani?"

"Ni mama tu."

"Soma. Kwa sauti."

Akasoma: "Baba, picha nimeipata. Mkwe wangu kapendeza. Ila mbona hana kile kimashine chake cha sukari? Asitembee bila hicho."

Mpima ardhi alifumba macho, akayafumbua.

"Uliniambia mama yako hataki hata kusikia neno sukari. Nimevaa magauni mapana kila nilipokuja kwenu. Mpigie. Weka sauti ya juu."

Simu ilipokelewa mara moja.

"Mama, ulijuaje?"

"Niliuona mrija siku ya kwanza, alipoinama kunisalimia. Jirani yangu muuguzi akanieleza ni wa nini. Nikasubiri uniambie mwenyewe."

"Niliogopa utamkataa."

"Nilisema hivyo lini?"

Fundi akapunguza sauti ya simu.

"Baba, nakuuliza. Nilisema lini?"

Hakuwahi kusema. Fundi aliaga, akakata simu.

"Kumbe aibu ilikuwa yako," mpima ardhi alisema. "Ukamtwika mama yako."

"Nisamehe. Nimekosa."

"Nimekusamehe."

"Basi turudi nyumbani, tuanze upya."

"Tabibu amempigia kaka yangu, yuko njiani. Nitarudi naye."

"Na harusi?"

"Ungekuwa umesahau, ningeolewa nawe. Kila mtu husahau. Wewe ulinivua kitu kinachoniweka hai ili nipendeze, tena mbele ya mtu ambaye alishanipenda."

"Nitabadilika."

"Labda. Sitaki kukaa nikikupima. Vipimo nilivyo navyo vinanitosha."

Akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha fundi, akakikunja kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo. Upole huo ndio uliomliza fundi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje kaka mtu alipofika akitweta, funguo za gari mkononi.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Chumba cha mwisho, kushoto."

"Mungu mkubwa. Asante, shemeji."

"Usiniite shemeji," fundi alisema. "Ingia, atakueleza."