Mbwa Aliyerudi Mkavu

Kila asubuhi Kampire aliamka kabla ukungu haujaondoka migombani. Alifagia uwanja, akamwamkia baba yake, akanawa uso kwa haraka ya mtu anayeogopa maji, kisha akamtafuta mbwa.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Uwanja ulikuwa tope tupu. Mbwa, jina lake Watasema, alitokea nyuma ya jiko akajinyoosha. Kampire alimgusa mgongoni, mara akauondoa mkono. Manyoya yalikuwa makavu. Tena yalikuwa na joto, na yalinukia moshi na kitu kitamu kilichoiva sana.

Moto wa jikoni ulizimwa tangu jioni. Na Watasema hakuwa na banda.

Zamani alikuwa mbwa wa Bibi Nyirabahire, aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito, hapo kijijini karibu na Bugene. Bibi ndiye aliyempa jina, akisema kwamba watu watasema tu, afadhali wamseme mbwa. Alipofariki walimzika kibanjani kwake, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi. Ndugu zake wakafunga mlango, wakarudi kwao Rubwera. Wakamsahau mbwa kwenye kamba. Kampire alimkuta siku ya nne, mbavu zinahesabika, kamba imemla shingo.

Baba yake, Polikarpi, hakutaka mbwa. Kampire alilia siku mbili, mpaka baba akachoka.

"Ukimfungua mbwa kamba, umejifunga wewe," alimwambia. "Atakula nini, atalala wapi, nani atampeleka chanjo?"

"Mimi, Baba."

"Yote matatu?"

"Yote matatu."

Kuahidi ni kazi nyepesi, hata mvivu anaiweza. Wiki mbili za kwanza Watasema alikula kuliko mgeni wa harusi. Kisha chakula kikawa maganda, na siku nyingine salamu tu. Mbao za banda zilibaki zimeegemea ukuta zikiota kuvu. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyotolewa bure kwenye ofisi ya kata, Kampire alikwenda kucheza rede. Jioni akasema mbwa amechanjwa. Baba alipouliza kadi, akajibu kwamba kadi ziliwaishia.

Na sasa, kwa siku nne mfululizo, mbwa alikuwa akitoweka jioni na kurudi asubuhi, mkavu, hata mvua inyeshe vipi.

Kampire alimsimulia Elpidius, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, ambaye mdomo wake haujapata kofuli.

"Anakwenda kulala kwa Bibi," alisema Elpidius. "Huko chini Bibi amewasha moto, anampikia."

"Acha utani."

"Sitanii. Wewe humpi chakula, mwenzako anampa."

Ijumaa waliondoka nyumbani mapema, wamevaa sare, wakavuka kijito. Ukungu ulikuwa mzito, migomba imesimama kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Nyuma ya nyumba ya Bibi waliliona kaburi na msalaba wake wa mbao. Hatua chache kando yake palikuwa na tuta jingine, la udongo mbichi, refu kama mtu.

"Nani amekufa?" Elpidius alinong'ona.

Hakuna aliyekuwa amekufa. Kijijini kwao mtu akifa hata kuku wanajua. Juu ya tuta kulikuwa na kipaa kifupi cha majani ya migomba, na moshi mwembamba ulitoka ardhini, bila moto. Chini ya kipaa, macho mawili yalifumbuka.

Elpidius, bingwa wa kuwacheka waoga, aligeuka kukimbia, akateleza, akaangukia tuta lenyewe. Mbwa aliyeshtuliwa usingizini hachagui mguu wa rafiki. Walipofika barabarani, damu ya Elpidius ilikuwa imechirizika mpaka kwenye soksi.

"Usimwambie mama, atanichapa," alisema Elpidius. Kisha akamkazia macho. "Si amechanjwa huyu?"

"Amechanjwa," alisema Kampire.

Darasani hakusikia lolote. Alikumbuka somo la mwaka jana: kwamba mtu aliyeambukizwa kichaa cha mbwa hufikia kuogopa maji, na akishafika hapo hakuna dawa. Wakati wa mapumziko alimwona Elpidius akichota maji bombani. Elpidius aliinua kikombe, akakitazama ndani kwa muda, akakishusha.

"Mbona hunywi?" Kampire aliuliza.

"Yana mdudu." Akayamwaga, akachota mengine, akanywa.

Kampire naye alichota, akayamwaga bila kunywa.

Hakungoja jioni. Alikimbia mpaka kibanjani kwao, ambako baba yake alikuwa akipunguza majani ya migomba.

"Baba, hakuchanjwa. Nilidanganya. Na leo amemuuma Elpidius."

Polikarpi alikichomeka kisu kwenye mgomba. Hakumpiga. Aliuliza tu mtoto huyo yuko wapi. Muda si mrefu mguu wa Elpidius ulikuwa chini ya bomba, unaoshwa kwa sabuni dakika kumi na tano kamili, mwenyewe akilalamika kwamba hata Pasaka haogeshwi hivyo. Kisha akapanda bodaboda na mama yake mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimchoma sindano ya kwanza, akamwandikia tarehe za nyingine, akasema wamewahi.

Habari nazo ziliwahi. Alasiri wanaume wenye marungu walikuwa wamelizunguka lile tuta linalofuka moshi, wakitaka mbwa wa kaburini auawe kabla ya jua kuzama. Kampire alimkumbatia Watasema. Bwana mifugo alifika, akawazuia. Aliwaambia kwamba mbwa afungwe na kuangaliwa siku kumi. Akiugua watajua, akiwa mzima watajua pia.

"Na hili kaburi?" mmoja aliuliza.

Polikarpi alipiga magoti, akazamisha mkono kwenye udongo. Watu walirudi nyuma. Mkono ulitoka na ndizi ya njano, imeiva vizuri.

Mzee Athanasi, jirani yao, alikohoa. Ikabidi aseme. Ndizi zake za rubisi, pombe ya ndizi, ziliibwa mara mbili, kwa hiyo safari hii alichimba shimo la kuvundikia huko ambako hakuna mwizi atakayethubutu kufika. Kila jioni aliwasha moto pembeni ili moshi uziivishe. Aliposikia uvumi wa mzimu alifurahi, amepata walinzi wa bure.

"Na mbwa?" Polikarpi aliuliza.

"Nilimwona analala hapa kwenye joto. Nilidhani hana kwao."

Kampire aliinamisha kichwa.

Jioni hiyohiyo alizipigilia zile mbao. Banda lilitoka upande, lakini halikuvuja. Kwa siku kumi mbwa alifungwa humo, na Kampire alimsogezea chakula na maji kwa fimbo, asimguse. Kila asubuhi alisimama ukunguni akitazama kitu kimoja: je, atakunywa? Siku ya saba Watasema aliyanusa maji, akayaacha. Kampire alikaa palepale, mikono imekufa ganzi, mpaka jua lilipotoka na mbwa akayalamba. Siku ya kumi alimaliza bakuli. Bwana mifugo akamchanja, akatoa kadi.

Polikarpi alimkabidhi binti yake kadi hiyo mbele ya Elpidius.

"Kijiji kizima kiliogopa shimo la ndizi," alisema. "Cha kuogopwa kilikuwa neno lako moja, 'amechanjwa.' Hilo ndilo lingemzika mwenzako. Mbwa hana mdomo wa kudai alichoahidiwa, mwanangu. Anayemfuga ndiye wa kujikumbusha kila siku, na akikosea aseme mapema."

Shimo lilifukuliwa, rubisi ikanywewa, mahali pale pakapoa. Watasema hulala bandani kwake. Lakini jioni nyingine, akiwa ameshiba, hugeukia ng'ambo ya kijito, masikio juu, akatikisa mkia polepole kama mtu anayeitwa jina. Kampire haulizi ni nani anayemwita. Huinama akatazama kama kuna maji kwenye bakuli.