Kuhe wa Wageni

Kwa idhini ya Idara isiyo na jina, isiyo na jengo, na ambayo barua zake hupitia kwenye duka la Adija muuza vibiriti, umma unatangaziwa kwamba asubuhi ile mpelelezi hatari kuliko wote kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa alikuwa katika mbio za kufa na kupona.

Alikuwa anakimbiza lori.

Kwa miguu.

Msicheke. Lori lenyewe lilikuwa Bedford, limejaa hadi juu, na lilikuwa linapanda mlima wa kutoka Kasanga kwa gia ya kwanza. Utingo alitembea nyuma yake na kigingi mkononi, akipiga miayo. Kuku mmoja alikwisha kulipita.

Polikarp alikuwa na Honda nzuri sana mpaka mnyororo ulipokatika bondeni. Sasa alikuwa na Browning kiunoni, kisu cha Okapi ndani ya soksi, na kikapu cha mayai begani. Chini ya mayai kulikuwa na redio ya upepo. Kila alipokimbia, yai moja lilijitoa mhanga kwa ajili ya Taifa.

Amri ilimfikia Kasanga, jua halijachomoza vizuri.

"Bonde, Bonde, hapa Mlima."

"Mlima, hapa Bonde."

"Kuna baruti imeibwa machimboni ng'ambo. Imevuka ziwa. Lori la kwanza kupanda, simamisha."

"Nikiikuta?"

"Usivute sigara."

Basi.

Yafaa mjue kilicholeta wasiwasi huo. Sumbawanga, katika ukumbi wenye mabati mapya, wajumbe wa Tanzania, Zambia, Zaire na Burundi walikuwa wanakamilisha mpango wa kulitunza ziwa lao moja. Mazalia ya samaki yafungwe miezi ileile pande zote. Mtumbwi wa magendo ukifukuzwa huku usipate pa kujificha kule. Boti ya doria iruhusiwe kuvuka mpaka kwa taarifa ya redio tu. Saini zilikuwa zitiwe siku hiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Polikarp alizaliwa kwenye moja ya ghuba zilizozungushiwa wino mwekundu katika ramani ya mkutano. Wajumbe wakitia saini, ghuba ile itapona. Wakitawanyika bila saini, basi mvua mbili hazitapita kabla haijawa maji ya kunawia.

Ndiyo maana alikimbia.

Alilipita lori, akasimama mbele yake, akachomoa Browning. Lori lilisimama kwa furaha. Dereva alichungulia dirishani, mzee wa kofia ya viua, jina lake Abdala.

Polikarp alilelewa vizuri. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mikono juu."

"Nikiinua mikono lori litarudi Kasanga."

Utingo aliweka kigingi. Mzee Abdala akainua mikono.

"Umebeba nini?"

"Samaki. Wa mkutano wenu huko. Wageni watakula nini, azimio?"

Polikarp alipanda nyuma. Alichoma magunia kwa Okapi, akapekua chini ya majani mabichi, akagonga sakafu, akanusa tangi la dizeli. Baruti hakuna. Kulikuwa na samaki wakubwa waliofunikwa magunia yaliyoloweshwa, na yeye, na aibu yake.

"Umemaliza?" aliuliza Mzee Abdala. "Maana mikono imekufa ganzi."

Mpelelezi hatari kuliko wote akaomba lifti.

Walipofika juu, upepo wa Ufipa uliwapokea kama kibao cha mwalimu wa zamu. Polikarp alijikunyata juu ya magunia. Redio ikakoroma kikapuni.

"Bonde, umepata?"

"Samaki watupu."

Halafu sauti ya Mlima, iliyochoka.

"Wamekwisha kuitumia. Jana jioni mazalia ya upande wa Zambia yamelipuliwa. Mitumbwi imeonekana ikirudi kwetu. Mjumbe wao Chilufya anafunga sanduku, anasema hawezi kutia saini na wezi. Akitoka yeye, Zaire na Burundi nao wanatoka."

"Nani kamweleza?"

"Katibu wa mkutano. Alipigiwa simu, akaona uungwana ni kusema ukweli."

Katibu wa mkutano alikuwa Evaristi, mume wa Cornelia, dada yake Polikarp. Mtu safi. Suti ya Kaunda imenyooka kama rula. Kifungu kikali cha kupiga marufuku baruti alikiandika yeye.

Polikarp alizima redio. Kitu cha baridi kilikuwa kinamchoma makalio. Alijisogeza, akainua gunia.

Kuhe.

Alikuwa na urefu wa mkono mzima, jicho limevia damu. Polikarp alimwinua mkiani na kichwani. Samaki alikunjika katikati kama kitambaa.

Uti wa mgongo umevunjika.

Alimpasua. Damu imejaa tumboni, kifuko cha hewa kimechanika, utumbo hauna hata punje ya chakula. Akapasua wa pili. Vilevile. Wa tatu. Vilevile.

Mtoto wa ziwani hahitaji kuandikiwa. Kuhe akishataga, dume na jike husimama juu ya mayai yao, wasile, wasiondoke. Mtu akija, hawakimbii. Hawa walilipuliwa wakiwa kwenye lindo.

Polikarp aligonga kioo cha nyuma. "Mzee, samaki hawa ni wa nani?"

"Nimekwambia, wa mkutano."

"Nani kaagiza?"

"Katibu. Ndiye mkuu wa mapokezi. Nilipakiziwa na watu wake gizagiza. Walinuka kama kiberiti, nikajua wamevuta sigara mbaya."

Polikarp alikaa. Upepo ulizidi.

Lori lilipita Milanzi, likaingia Sumbawanga.

Jikoni nyuma ya ukumbi, Kalista alikuwa anageuza ugali kwa mwiko wenye ukubwa wa kasia. Alikuwa mpishi wa kila mkutano mjini, na hakumwogopa mjumbe hata mmoja.

"We Poli. Viatu hivyo na sakafu yangu."

"Nipe sinia, Kalista."

"Unanuka mayai."

"Nipe sinia."

Akaweka kuhe wawili, dume na jike, akaingia ukumbini bila kubisha hodi. Bwana Chilufya wa Zambia alikuwa amesimama, sanduku mkononi. Sitwayeni wa Zaire alikuwa anavaa koti. Mjumbe wa Burundi alikuwa anamalizia chai, maana chai haina kosa.

"Ndugu wajumbe," alisema Polikarp, ambaye kwa karatasi alikuwa afisa wa mapokezi. "Kabla hamjaondoka, tazameni chakula chenu."

"Sina njaa," alisema Chilufya kwa Kiswahili cha bandari ya Mpulungu.

"Mshike mgongo tu."

Chilufya alimkazia macho. Kisha akaweka sanduku chini, akaweka vidole juu ya samaki, akabonyeza. Uso wake ulibadilika.

"Amevunjika."

"Na tumbo tupu."

"Ni mlinzi huyu." Chilufya alimgeuza jike taratibu, kama mtu anayegeuza mgonjwa. "Hawa ni wetu. Hawa wametoka kule jana."

"Ndiyo. Wamekuja kwa lori la mapokezi. Na si mimi niliyeagiza lori. Ameagiza mkuu wa mapokezi."

Vichwa vyote viligeukia kiti cha katibu.

Kiti kilikuwa kitupu. Kalamu ilikuwa bado inabingirika mezani.

Polikarp alitoka kwa dirisha, kwa sababu ya mazoea ya kazi. Mlango ulikuwa wazi.

Sasa, Sumbawanga kuna jambo moja ambalo jasusi wa mahali pengine hawezi kulijua. Baridi ya asubuhi huua betri, na Land Rover ya Serikali haiwaki bila kusukumwa. Mtu yeyote akikaa nyuma ya usukani na kutazama kushoto na kulia kwa huzuni, wapita njia humjia. Ni heshima. Hawamwulizi anakwenda wapi.

Evaristi alikuwa nyuma ya usukani. Nyuma ya gari walikuwa wanaume wawili wa sokoni, mama mwenye kitita cha kuni kichwani, na katekista mmoja wa Kaengesa.

"Haya, moja, mbili!"

Land Rover ilianza kubingirika. Polikarp alifika mbio, akaweka bega katikati ya katekista na mama, akasukuma kwa nguvu zote. Injini ilikohoa. Ikashika.

"Mungu akubariki," katekista alimwambia.

"Nawe pia, baba." Akaruka ubavuni, akafungua mlango, akaketi. Browning ilikuwa mkononi.

"Shemeji," alisema Evaristi.

"Endesha."

"Hiyo kitu ina risasi?"

"Endesha mpaka pale kwenye mikaratusi, uzime gari."

"Nikizima haliwaki tena."

"Ndiyo maana nataka ulizime."

Evaristi alizima. Upepo ulikuwa unachana majani. Alitazama mikono yake juu ya usukani, akacheka kidogo, cheko lisilo na mate.

"Niliwaambia wale wapumbavu wawaache samaki wazame. Wakaniambia, kuhe wakubwa hivi, tuwaache vipi? Na wageni wa watu wale nini, dagaa? Yaani wamenifunga kwa ukarimu."

"Nani alikupa baruti?"

"Kampuni ya zile meli kubwa za uvuvi, ya wale wazungu wa ng'ambo. Mkutano ukivunjika, wanaendelea kukokota nyavu zao. Na ghuba yetu wangeniachia mimi."

"Wewe."

"Sisi. Watu wetu." Sasa alimgeukia. "Poli, malori yalipokuja wakati wa operesheni ya vijiji, ulikuwa wapi? Kozini. Mimi nilikuwepo. Walitupakia na kuku wetu, wakatushusha hapa juu tulime ulezi. Mama yako alishuka na kasia. Hakuna aliyeuliza ataliweka wapi. Leo mnatia saini kulinda samaki. Sisi nani alitutilia saini?"

"Kwa hiyo ukalipua."

"Nililipua ya ng'ambo. Ya kwetu sikuigusa."

"Ya kwetu ndiyo inayofuata, na unajua."

"Mkataba wenu ukipita, wa kwanza kukamatwa ni mjomba wako na wavu wake wa kokoro. Zile meli hazitaguswa. Nimekiandika kila kifungu, nakijua."

Idara ilimfundisha Polikarp kufungua pingu kwa kijiti cha meno, kuruka kutoka kwenye garimoshi, na kunywa pombe ya ulezi bila kulewa. Kumkamata shemeji haikumfundisha; alichomoa funguo.

"Shuka," alisema.

Walirudi mjini kwa miguu, bega kwa bega, kama mashemeji.

Mambo yaliyobaki yalikwenda upesi. Mzee Alois, ambaye hewani huitwa Mlima na mezani huitwa mhasibu wa wilaya, alimchukua Chilufya pembeni. Walinong'ona. Chilufya alifungua sanduku, akatoa miwani.

Saini zilitiwa. Nchi nne, kalamu moja. Kifungu cha baruti kilisifiwa kuliko vyote kwa lugha yake nyoofu, na Sitwayeni akapendekeza mwandishi wake apigiwe makofi. Wakapiga. Ikatangazwa kwamba Ndugu Katibu ameugua ghafla.

Waliomlipa Evaristi hawakutajwa. "Ushahidi hautoshi," alisema Mzee Alois. "Na wana marafiki wakubwa."

"Ghuba yangu?"

"Imefungwa kuanzia leo. Itapona." Akasafisha koo. "Mjomba wako mwambie akunje kokoro."

Halafu kengele ya chakula ikalia. Nyama haikuwepo. Duka la ushirika lilikuwa na sabuni na majembe. Kalista alikuwa amekwisha kupika kilicholetwa.

Wajumbe walitazama sahani. Chilufya ndiye aliyekata shauri. "Wamekwisha kufa," alisema, akanawa mikono.

Polikarp hakukaa. Aliisukuma sahani yake ikiwa nzima, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwa mlango mkubwa. Getini alisimama dada yake Cornelia, na sweta la Evaristi mkononi.

"Huko anakokwenda kuna baridi?" aliuliza Cornelia.

"Nitampelekea," alisema Polikarp. Akalipokea sweta, akawasha sigara ya Sportsman, akashika njia ya sokoni bila kugeuka nyuma. Upepo ulipeperusha moshi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta.

Bahati mbaya nilimsomea Kalista. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele. Hakucheka hata kwenye kuku.

"Sahani zile aliosha nani?" aliuliza.

"Wewe, mama."

"Basi usinifundishe. Ya Poli ilirudi na mifupa tu. Hata kichwa alikifyonza. Akaongezewa."

Sawa. Alikula. Alikuwa hajaonja samaki wa ziwani tangu aanze kozi, na harufu ilimshinda. Alimla mlinzi wa mayai mpaka kwenye mapezi, akalamba vidole, na alikuwa mtamu.

"Na sweta?" alisema Kalista.

Nilikunja karatasi.

"Na sweta, we mtoto?"

Hakulipokea. Hakumkaribia Cornelia. Alimwona kwa dirisha, akageuka, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma wa kumwagia maji machafu, akaruka ua. Cornelia alisimama getini mpaka wageni wote walipoondoka. Halafu akaingia jikoni, akamwachia Kalista lile sweta, akasema akija Poli apewe.

Hajaja. Kalista analivaa mwenyewe wakati wa kipupwe.