Ukoko Katika Silo la Tatu

Jumamosi hiyo stesheni ya Nakuru ilifurika watu. Askari walikagua vipande, wapagazi waligombania mizigo, na akina mama waliinua mabakuli ya mayai ya kuchemsha hadi madirishani mwa gari moshi. Naliaka alikuja kumpokea shangazi yake, amevaa gauni la samawati lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Ndipo kuku wa mtu alipomdonoa kisigino.

"Shika kuku wako, bwana!"

"Samahani, dada," alisema kijana mwenye kofia iliyoinamishwa upande. "Hana macho huyu. Angekuwa nayo angedonoa mwingine, si mrembo kama wewe."

Naliaka alisahau kisigino. Sauti ile aliijua.

"Sema 'fungulia'," aliamuru.

"Nini?"

"Sema tu!"

"Fungulia," kijana akasema, akitazama kama kuna njia ya kukimbilia.

"Ni wewe! Sauti ya juu!"

Wawili hao walikuwa wakifanya kazi pamoja bila kuonana. Katika kinu cha mahindi nje ya mji kulikuwa na minara ya saruji ambayo kila mtu aliiita silo. Naliaka, mgeni kazini, alikuwa chini, penye mdomo uliomwaga mahindi kwenye magunia. Khaemba, kijana huyo, alikuwa juu kabisa, mahindi yalikoingilia. Kati yao palikuwa na simu ya kuzungusha mkono, na maneno yaliyoruhusiwa humo yalikuwa mawili: fungulia na funga. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, lugha ya kinu ilipanuka sana.

"Juu, hapa ni chini. Umekula?"

"Nitakulaje, kipenzi, na roho yangu iko huko chini inashona magunia?"

"Mwongo! Nimeambiwa umekula viazi sahani nzima."

"Hivyo vilikuwa vya kunipa nguvu ya kukukosa."

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa na masharubu. Nyapara wa minara alikuwa Mzee Makokha, na Mzee Makokha ndiye aliyemzaa Naliaka. Hakukataa posa ya Khaemba. Wajomba wa Khaemba walikuja, wakanywa chai, wakakubaliana kuhusu ng'ombe. Lakini tangu siku hiyo desturi ya kwao ilishika usukani: mkwe hamgusi baba mkwe, hamkatizi maneno, wala hamkemei; akikosea, huleta kondoo wa kumtakasa mzee. Khaemba, aliyekuwa akimtania mzee kila asubuhi, sasa alimpisha kwenye ngazi kana kwamba ni askofu. Hata kamba ya kiunoni mwa mzee, alipoingia ndani ya silo, sasa ilishikwa na Kiprugut, mfanyakazi mwenzake wa juu. Wafanyakazi wengine walicheka hadi wakachoka.

Mwaka huo mvua haikujua kuacha. Mahindi ya Keringet na Kuresoi yalifika kwa malori yakiwa bado mabichi. Mzee Makokha alisema yaanikwe kwanza, kisha yawe yakitolewa kidogo kidogo yasigandamane. Bwana meneja akasema hakuna wakati, yamwagwe silo la tatu, na yakamwagwa. Wiki kadhaa baadaye Naliaka alianza kunusa kitu kama busaa, pombe ya nafaka iliyochacha, pale mdomoni mwa silo. Siku moja mahindi yalitiririka vizuri asubuhi nzima, mchana yakadondoka kwa kusitasita, halafu kimya.

Simu ililia.

"Naliaka, mmejaza magunia mengi leo?"

"Mengi. Mgongo unaniuma. Kwani unataka kuja kuukanda?"

Khaemba hakucheka. "Huku juu mahindi hayajashuka hata unene wa kidole."

"Basi?"

"Basi mliyojaza yametoka wapi? Juu yameshikana, kama ukoko wa ugali. Chini yake ni tupu. Atakayekanyaga anazama. Mwambie baba asiingie kesho."

"Si uko naye hapo! Mwambie wewe."

"Mimi nimkataze baba mkwe kazi yake? Mbele ya watu? Nakuomba, mpenzi. Wewe ni mtoto wake."

Akeyo, aliyeshona naye magunia, alikuwa amemnong'oneza wiki hiyo kwamba meneja anatafuta nyapara mpya, kijana. Maneno hayo yalikuwa bado yanamwasha Naliaka sikioni.

"Kwa hiyo baba yangu hajui kazi," alisema. "Akae nyumbani, wewe uvae koti lake la unyapara?"

"Koti gani? Naliaka, sikia..."

Akakata simu. Jioni alimpakulia baba yake mboga, akamtazama akila, akanyamaza.

Asubuhi mzee alipanda na mti wake mrefu wa kuvunjia ukoko, tayari kuingia silo la tatu. Aliagiza mdomo wa chini uachwe wazi kama kawaida yake, ili mahindi yakivunjika yashuke. Simu ikalia.

"Ulimwambia?" Sauti ya Khaemba ilikuwa ndogo.

Naliaka alitazama mdomo wa silo uliokuwa wazi.

"Naliaka! Ulimwambia baba?"

Kisha kitu kilipasuka huko juu, kama mbao kavu, na mahindi yakaanza kunguruma mdomoni.

"Funga! Funga!"

Alijirusha kwenye mkono wa chuma, akauvuta kwa uzito wake wote hadi mdomo ukafungika. Simu ilikuwa imeachwa ikining'inia, nayo ikamletea kila kitu: Kiprugut akilia kwamba kamba inamchuna viganja, baba yake akikohoa vumbi, na Khaemba akinguruma kuliko mahindi.

"Acha kurusha miguu, mzee! Utazama! Nyamaza! Nipe mikono! Nyamaza, nimesema!"

Walimtoa mzima, mbavu mbili zimevunjika. Khaemba ndiye aliyemkumbatia kifuani na kumbeba ngazini kama mtoto mchanga. Kesho yake hakuonekana kazini. Akeyo alisikia kwamba ameenda Elburgon kupasua mbao, kwa aibu ya kumgusa na kumkemea baba mkwe.

Mzee Makokha alilala ubavu mmoja, hataki kusikia jina la mkwe. "Ameniambia ninyamaze," alirudia. "Mimi!"

Siku ya tatu Naliaka alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote: simu, onyo, mboga.

"Basi kondoo wa kunitakasa hatamleta yeye," alisema mzee. "Utamleta wewe. Na kwanza utaenda kumwonyesha huyo mkwe."

Hivyo ndivyo kiwanda cha mbao cha Elburgon kilivyosimamisha misumeno ili kumtazama binti wa gauni la samawati, lililojaa matope hadi magotini, akiburuta dume la kondoo.

Khaemba alijipangusa vumbi la mbao usoni. "Huyo ni wa nini?"

"Wa kuosha ulichofanya. Nimemnunua mimi, kwa sababu kosa ni langu. Sikumwambia. Nilidhani unataka koti lake."

"Angekufa, Naliaka."

"Najua. Kila nikifumba macho nasikia yale mahindi."

Wapasuaji mbao wakaona haya, wakageukia magogo yao.

"Mimi kwenye silo sirudi," alisema Khaemba.

"Baba pia harudi. Pumzi yake si ile tena. Sikuja kukurudisha kwenye silo."

"Umekuja kunirudisha wapi?"

"Kwetu. Ukinitaka bado."

Khaemba alimtazama kondoo, akamtazama yeye, akaenda kumuaga msimamizi wake. Lori la Nakuru lilikuwa likipakia mbao. Kondoo, aliyekuwa amesafiri vya kutosha siku hiyo, akagoma kupanda. Ikabidi Naliaka avute pembe, na Khaemba asukume kwa nyuma, bila mmoja wao kucheka.