Chupa ya Kifuniko Cheupe

Lifti ya jengo la maduka iligoma saa sita mchana, watu wamejazana pale chini, na mchanganyaji wa mafuta ya kunukia akabaki na boksi lake la chupa akizitazama ngazi za ghorofa saba. Alivaa gauni la manjano na viatu visivyonunuliwa kwa ajili ya ngazi. Fundi wa lifti akatokea, ovaroli ya buluu imejaa grisi, akalibeba boksi bila kuombwa.

"Umebeba mawe, dada?"

"Nimebeba usingizi wa watu. Ukiliangusha, utalala hapahapa."

Walipofika juu fundi alishapewa namba ya simu, na tangu hapo wakawa wanapigiana asubuhi, mchana na jioni, huyu anaitwa Fundi, yule Marashi. Mapenzi yakapamba moto. Fundi alikuwa amefiwa na mke, analea peke yake mwanawe wa miaka miwili. Marashi alimpenda mtoto yule kama wa kumzaa, na hofu ya kumpoteza ilimwingia mapema.

Kazi yake aliifanyia jikoni, dirisha wazi. Mafuta makali ya mimea yalikaa kwenye chupa za kifuniko cheusi. Yaliyopunguzwa, matone machache tu ndani ya mafuta ya alizeti, yalipata kifuniko cheupe, na hayakutoka nyumbani kabla hajayajaribu mkononi mwake na kungoja siku nzima. Lebo hakuwa nazo. Mkalitusi hakumpa mtoto mdogo hata uliopunguzwa, maana unaweza kumbana pumzi.

Siku ile Fundi alipiga simu Marashi akiwa anafunika chupa. Yeye na mtoto wana mafua, mtoto halali, alikuwa anapitia mchanganyiko wa lavenda, ua la kuleta usingizi, wa kumkanda miguu. Marashi akabana simu begani, akawa anacheka na kuitwa mpenzi, mikono ikifanya kazi yenyewe. Fundi akapita, akachukua chupa ya kifuniko cheupe, akaenda zake.

Saa moja baadaye, akipanga meza, Marashi aliikuta lavenda imebaki, imefunikwa kifuniko cheusi. Vifuniko alikuwa amevibadilisha. Kumbe alichompa ni mkalitusi mtupu, na kwa mafua yale Fundi asingesikia harufu.

Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Mara ya tano alipiga akiwa barabarani, anakimbia, viatu mkononi.

Mlango wa Fundi ulipofunguliwa harufu ilimpiga usoni. Fundi alishamkanda mtoto miguu, kisha kifua, na madirisha yote aliyafunga. Mtoto alikuwa amelegea begani kwa baba yake, anakohoa, kifua chekundu.

"Nadhani mafua yamemshukia kifuani," Fundi akasema.

Hapo Marashi angeweza kunyamaza, na nani angejua? Wazo lilimpitia, na baadaye aliliogopa kuliko yote.

"Siyo mafua. Nimekosea chupa mimi. Huo ni mkalitusi mkali. Mvue nguo tumwoshe kwa sabuni, twende hospitali."

Hospitalini akarudia hayohayo mbele ya nesi na kuiweka chupa mezani. Fundi alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Toka," akasema kwa sauti ya chini. "Usimguse tena mwanangu."

Siku nne Marashi hakuchanganya kitu. Simu ikilia alishtuka, isipolia aliogopa zaidi. Alituma ujumbe mmoja kuuliza hali ya mtoto, haukujibiwa.

Siku ya tano Fundi alisimama mlangoni, mtoto mkononi anatafuna mkate. Marashi akarudi nyuma, mikono kaificha mgongoni. Fundi akamweleza kwamba mtoto amepona, na kwamba nesi alisema bila kutajiwa ule mkalitusi wangetibu mafua na muda ungepotea.

"Bado nina hasira, sikufichi," akasema. "Lakini mama yake huyu alipofia wodini niliuliza kilichotokea. Mpaka leo hakuna aliyenijibu. Wewe uliniambia kabla sijauliza."

"Na nikikosea tena?"

"Utaniambia tena. Na lebo utabandika, tena kwa herufi kubwa. Nataka tuoane, Marashi."

Alitaka kusema ndiyo, hofu ikamzuia. Aliyechoka kusubiri ni mtoto, akamnyooshea mikono. Marashi akamtazama baba mtu, aliyesema asimguse tena.

"Mchukue," Fundi akasema.

Akampokea kwa mikono miwili.