Jua la Bibi

Jumamosi asubuhi, kama kawaida, Chiriku alikuwa akiokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya baba yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa alikuwa hasemi akatua. Bibi ndiye aliyemlea hadi baba alipohamia mji huu, na tangu hapo hawakuwa wameonana. Leo Bibi alikuwa anakuja kwa ndege, mara yake ya kwanza, na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu.

"Ameomba jambo moja tu," baba alisema. "Akitoka pale uwanjani, akute mtu wake."

Juzi baba mdogo, aliyekuwa akiishi na Bibi, alikuwa ametuma ujumbe kwamba ndege ingeruka saa nne asubuhi. Jana yake shuleni, Chiriku alikuwa amepiga hesabu. Safari ni kilomita elfu mbili na mia nne, na ndege hukata mia nane kwa saa.

"Saa tatu angani. Atatua saa saba," alisema.

"Umemwonyesha mwalimu?"

"Ndiyo, baba. Amesahihisha."

Hakuwa amemwonyesha mtu.

Baba akaendelea kushona. Chiriku akakaa kizingitini akiwaza siku za zamani, alipokuwa akimtungia Bibi uzi kwenye sindano. Akakumbuka pia simu zake za alfajiri. "Bado mmelala, mke mwenzangu? Huku kumekucha, nimeshafagia uwanja!" Nao huku wakicheka gizani, wakisema Bibi amemeza jogoo. Alimkumbuka mno.

Ghafla akashtuka. Kwa nini kwa Bibi kulikucha mapema? Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tano. Angeweza kunyamaza, lakini akamwona Bibi mawazoni, amesimama peke yake, hajui pa kugeukia.

"Baba, saa ya Bibi imeitangulia yetu?"

Mguu wa baba ukasimama. "Lo! Kwa saa moja nzima, na mimi mtu mzima nimesahau!"

"Basi anatua saa sita. Na... nilikudanganya. Mwalimu hajaiona hesabu yangu."

Baba alimtazama kidogo. "Tutazungumza. Funga mlango, twende!"

Alitoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Walifika abiria wakianza kutoka. Bibi alikuwa ameshika mkono wa mhudumu, akigeuza uso huku na huku.

"Bibi!"

"Chiriku wangu huyo!" Akamwachia mhudumu. "Asante, mwanangu. Wenyewe wamefika."

Chiriku alimkumbatia na kulia, kisha akamweleza yote.

"Kukosea hesabu si aibu, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Lakini ukisema imesahihishwa, nani ataitazama tena? Ungeshikilia uongo wako, ningekuwa hapa nikipapasa ukuta. Ukweli umekuuma kidogo, ila umenileta mikononi mwako."

Akamnyooshea mkono wenye saa.

"Haya, mke mwenzangu, irudishe nyuma. Nimeshafika kwenu."