Futa Huku, Futa na Kule

Siku walipokutana, lifti ya hospitali ilikuwa imeshiba watu hadi mlango ukasita kufunga. Fundi wa programu za kompyuta alikuwa kabanwa kona na gauni lake jipya la rangi ya ndimu, mara tone la maji likamdondokea kiatuni. Kugeuka, anaona jibaba la kaptura, taulo shingoni, nywele zachuruzika.

"Samahani, dada. Mimi ndiye ninayewanyoosha wagonjwa viungo bwawani."

"Nikadhani bomba limepasuka."

"Limepasuka sasa hivi, nilipokuona."

Maneno ya kipuuzi, lakini moyo wa mwanamke haudai cheti. Ukacheka.

Wagonjwa walimwita Kambale. Miezi minne baadaye alikuwa Kambale wake. Katika mfumo wa wafanyakazi, ambao fundi aliutengeneza mwenyewe, kila mmoja akamwandika mwenzake kuwa mtu wa kupigiwa panapo dharura. Penye "uhusiano" wakaandika "rafiki", haya zimewajaa.

Kisha fundi akaanguka ofisini, homa imempanda. Wenzake wakampigia Kambale mara saba. Simu ikalia kabatini. Mwenyewe yumo majini, kashika mgongo wa babu anayejifunza upya kutembea. Fundi alipozinduka, aliyemshika mkono alikuwa mfagizi.

"Mpenzi, sikusikia!" Kambale alilia.

"Nami sitaki mtu asiyesikia."

Akafungua orodha yake ya dharura kwenye mfumo, akamfuta.

Kesho yake, Kambale yumo. Akamfuta tena. Keshokutwa, huyooo, karudi kama paka aliyetupwa ng'ambo ya mto. Siku ya tano fundi akanyakua simu.

"We mwanaume, acha kujirudisha!"

"Kujirudisha wapi, mama? Mimi hata mlio wa simu nabadilishiwa na watu."

"Jina lako, kwenye orodha yangu!"

"Nagusa ukurasa wangu tu. Kila asubuhi, kabla sijaingia majini."

"Unagusa nini kila asubuhi?"

Maji yakasikika yakipiga ukingo.

"Angalia mwenyewe, kipenzi. Naitwa."

Fundi akaduwaa, kisha akajipiga kofi la paja. Kumbe kosa ni lake! Alizijenga kurasa zao zishikane mikono. Upande wake amemfuta Kambale, ila upande wa Kambale yeye bado ameandikwa. Kila Kambale alipohifadhi ukurasa wake, mfumo ukaona, alaa, huyu bado ana mwenzake! Ukaufufua uhusiano pande zote mbili. Ukitaka kufuta kweli, lazima ufute huku, ufute na kule. Ajuza yeyote aliyewahi kuachika angemwambia hilo bure.

Akafungua ukurasa wa Kambale, kidole tayari juu ya kitufe cha kufuta. Hapo akaona. Chini ya namba yake ya zamani zilikuwa zimeongezwa tano, moja kila siku:

"Simu ya ukutani, bwawani."

"Mlinzi wa mlango wa bwawa. Atapuliza filimbi."

"Dada yangu. Atakuja kunitoa kwa sikio."

"Babu wa mgongo, Jumanne na Alhamisi."

Na ya asubuhi hiyo: "Mfagizi wa ghorofa ya tatu. Amekubali kuja mbio."

Macho ya fundi yakalowa. Kidole kikaacha kitufe, kikapiga simu ya ukutani.

"Haloo, bwawani!" Sauti ya mzee, inahema.

"Shikamoo, babu. Naomba Kambale."

"Marahaba. Ndiye wewe? Mwanangu, nimetembea mpaka kwenye simu hii bila kushikwa na mtu! Ngoja... We Kambale! Toka majini!"

Haikupita dakika tatu, Kambale akaingia ofisini kwa ngazi, pumzi juu juu, maji yakitapakaa sakafuni.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilitaka kujua kama utasikia."

"Sasa utanifuta?"

"Ningelazimika kufuta pande mbili. Huku nimejaribu mara tano. Kule nimeshindwa."

Kambale akainama kwenye kompyuta. Penye "rafiki", kwenye ukurasa wake, akafuta kwa kidole kilichokunjamana kwa maji, akaandika polepole: "mke". Akamtazama, hajabonyeza hifadhi.

"Niruhusu, mama."

Fundi akamfuta maji usoni kwa kiganja.

"Hifadhi. Kisha nipishe, nikaandike upande wangu."