Mguu Ulioacha Kuruka

"Zima iyo mashini, Félicité. Unamuuwa miguu."

Alliance alisema hivyo akiwa bado na vumbi la barabara ya Lubarika usoni, alikokuwa amekwenda kumsalimu baba yake. Mchumba wake, Onesphore, alikuwa amelala kitandani kwenye kituo cha matibabu pale Kalundu, vibandiko viwili vimegandishwa pajani, nyaya zake zikiishia kwenye kimashine cha betri kama redio ya mfukoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia tuli.

Mguu huo ndio uliobeba matumaini yote ya Alliance. Tangu Onesphore apigwe risasi ya mgongo kule Luvungi, akiwatorosha watu kwa pikipiki siku mapigano yalipoingia, mguu ulikuwa unaruka wenyewe na kurusha blanketi. Kila jioni Alliance alimpigia baba yake simu: leo umeruka mara saba, leo mara tisa. Mzee Sévère alikuwa ameshakata shauri. Mkwe humpokea baba mkwe akiwa amesimama, kwa hiyo kijana asimame kwanza, harusi itafuata.

"Ikaa kwanza," alisema Félicité, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Risasi ilikata njia ya kichwa na miguu. Sasa misuli inajikaza yenyewe, haingoje kichwa iseme. Kuruka ile haiko kutembea. Uyu umeme inaituliza masaa kidogo, mutu akae ku kiti bila kuanguka. Kesho itarudia."

"Na kutembea?"

"Muulize mwenyewe. Nilimuelezea tangu Pasaka."

Pasaka! Miezi minne ilikuwa imepita. Alliance alimgeukia mchumba wake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na weye ukaniacha nihesabu?"

"Ulikuwa unahesabu na kucheka. Minye niliogopa. Nilisema mu roho yangu, siku ataacha kuhesabu, ataacha na kuja hapa."

Alliance alitoka bila kuaga. Alifika bandarini, akasimama kati ya wapakuzi na magunia yao. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Onesphore.

"Alliance, sitasimama tena. Olewa na mwengine, sitakasirika. Nilikosa, ningekuambia mbele."

Aliusoma mara tatu. Kisha akajiuliza swali ambalo wapenzi wengi hulikwepa: miezi yote hii nilikuwa namngoja nani, yeye au mguu? Jibu halikuja upesi, na hilo lilimtia aibu. Kila asubuhi alikuwa akifika na kuuangalia mguu kabla hajamwangalia mwenye mguu. Hakuwahi hata kuuliza kama unamuuma.

Akarudi.

"Onesphore, ikirukaka, unasikia nini?"

"Inanivuta mugongo mupaka machozi inatoka. Silalake. Leo ndiyo nimesinzia."

Alliance alilia, na hakuficha. "Kumbe nilikuwa nafurahia maumivu yako. Lakini sikia. Mguu haiko kosa lako. Kuninyamazia ndiyo kosa. Ukirudilia, nitaenda kweli."

"Sitarudilia."

Hapo hapo akapiga simu Lubarika. "Baba, nilikuambia vibaya. Ule mguu hautasimama. Na minye ninamutaka vile iko."

"Nitakuja siku ya Mungu," alisema Mzee Sévère, akakata simu.

Jumapili alifika, kofia mkononi. Onesphore alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kwa heshima alishika mikono ya kiti, akajaribu kujiinua. Akashindwa, jasho likamtoka.

"Hausimame?" mzee aliuliza.

Onesphore alimtazama Alliance, kisha akamtazama mzee usoni. "Sitasimama, baba. Hata siku moja. Sitaki nikudanganye."

Mzee Sévère akageuka kwa binti yake.

"Alliance, niletee kiti. Iyi maneno ya harusi tutaiongea wote tukiwa tumeikaa."